Baba, Nimerudisha Themostati

Mitundu, Itigi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu na lile goti limeacha kukusumbua. Na mama je, kikohozi cha asubuhi kimemwacha? Mimi huku ni mzima, nakula, nalala, na asali ya msimu huu imekuja nyingi mpaka ndoo zimeniishia mara mbili.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Baba, kwenye simu hunipi nafasi. Nikitamka neno moja kuhusu gari unamalizia mwenyewe, na unamalizia na "lirudishe." Barua haikatizwi. Nakuomba uisome yote, hata ukifika mahali ukaudhika, ndipo umjibu yule bwana wa hapo Makambako anayetaka kuinunua pikapu. Kazi yangu ya kuchukua asali Rungwa na kuileta Itigi inategemea gari hilo. Likiondoka, na mimi nafunga virago narudi nyumbani, na sitaki kurudi. Nakwambia wazi usije ukadhani naficha.

Uliposema injini imechoka nilikaribia kukubali. Ilikuwa inakunywa petroli vibaya sana. Kila safari ya Rungwa nilibeba dumu la akiba na kulimimina lote njiani. Kwenye mchanga haikuwa na nguvu. Asubuhi za mwezi wa saba, upepo wa huku unapokata masikio, nilikwenda mwendo mrefu kabla haijaacha kukohoa. Lakini kitu kimoja kilinitia shaka. Mshale wa joto haukunyanyuka hata kidogo. Naondoka Mitundu umelala chini, nafika Rungwa umelala vile vile. Wewe ulinifundisha kuufurahia mshale ulio chini. Mimi nikaanza kujiuliza ni injini gani hii isiyopata joto baada ya kutwa nzima barabarani.

Ndipo nikakumbuka. Siku uliyonipa gari ulifungua pale mpira wa juu wa rejeta unapoingia kwenye injini, ukatoa kile kidude cha shaba chenye springi, ukasema, "Hii ni ya Wazungu wa kwenye baridi." Ukafunga, ukapangusa mikono. Umeitoa themostati kwenye kila gari lililopita mikononi mwako, na sababu naijua: ile ya lori lako iligoma kufunguka mlima Kitonga, ikakuulia injini na mzigo wa watu ukiwa juu. Hapo sikulaumu. Ila nisamehe, baba, kwetu Makambako hata kuku wanasubiri jua ndipo watoke bandani, na bado unasema hii ni nchi ya joto.

Nilikwenda Singida mjini, kwenye duka la vipuri la mama mmoja wa Kihindi. Amezaliwa pale pale na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Nilipomwomba themostati aliniangalia juu ya miwani.

"Unataka yenyewe, au gasketi ya kuzibia?"

"Yenyewe, mama."

"Haya. Mafundi wote wanachukua gasketi tu. Hizi zinakaa hapa mpaka boksi linapauka."

Fundi wangu wa hapa Mitundu, Rama, ni mwanafunzi wako bila kukujua. "Dada, hiyo sisi tunaitoa, haturudishi," akaniambia. "Likichemsha huko porini usiseme Rama kaniulia gari." Tulibishana mpaka nikachoka, nikamvuta twende kwa Mama Shija, mwenye nyumba wangu, aliyekuwa ameinjika maji ya ugali. Nikaifunga themostati kwa uzi nikaizamisha kwenye sufuria yake. Mwanzoni kamlango kake kalikuwa kamefunga kabisa. Maji yalipokaribia kuchemka kakaanza kufunguka taratibu, kama mtu anayeamka. Nikaitoa, kakafunga. Rama akainama, akaichukua, akairudia mwenyewe mara tatu.

"Kumbe inajua yenyewe," akasema.

"Na mimi ugali wangu nisonge kwa maji hayo?" akauliza Mama Shija. Ilibidi nimtekee mengine.

Wewe unaijua kuliko mimi, baba, lakini sidhani kama umewahi kuitazama ikifanya kazi. Inayazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kisha inayaachia. Bila hiyo, injini inapozwa saa zote, hata pale inapotakiwa kupashwa, na ndiyo maana ilikuwa inakunywa mafuta.

Rama akamwaga maji ya zamani, yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Akakwangua gasketi iliyogandia, akaiweka themostati, akafunga. Tukawasha. Tukalitoa kulijaribu, na hatukufika hata shule ya hapa Mitundu, mshale ukapanda na haukusimama, mvuke ukaanza kutoka. Nakiri hapo niliisikia sauti yako kabisa. Rama alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Tukakaa kivulini mpaka injini ikapoa, tukafungua. Alikuwa ameiweka kinyume, springi imetazama nje badala ya kutazama ndani ya injini maji ya moto yanakotoka. Mikono yake imetoa themostati miaka yote, haijawahi kurudisha hata moja. Alicheka mwenyewe mpaka akakaa chini. Tukaigeuza, tukajaza maji mapya na kulanti, ile dawa ya kupozea injini, tukaacha mfuniko wa rejeta wazi hadi mapovu yakaisha. Mshale ukapanda polepole, ukafika katikati, ukatulia.

Tangu hapo nimekwenda Rungwa mara mbili. Dumu la akiba nimerudi nalo limejaa, lina vumbi tu. Kwenye mchanga gari linavuta. Nina furaha, baba. Nikiwa peke yangu barabarani naimba kwa sauti, na sauti yangu unaijua.

Dereva wa basi anakuletea ndoo ya asali na kifurushi kidogo. Ndani ya kifurushi kuna themostati ya gari lako na gasketi yake. Kuiweka au kutoiweka ni juu yako. Ila naomba kwanza uitie kwenye sufuria ya maji ya moto, na usichukue ile ya mama ya maziwa.

Msalimie mama sana. Msalimie shangazi Tulia aliyenilea, mwambie asali nyeusi ni ya kwake. Kaka Festo, mkulima wetu wa viazi, na mdogo wangu Neema, wote wape mkono wangu.

Na yule bwana anayesubiri jibu, mwambie umemuuliza mwenye gari na mwenye gari amekataa. Ulinipa mwenyewe, baba, mbele ya mama, na ufunguo wa pili ukanikabidhi bila mimi kuuomba.

Ni mimi binti yako, niliye mzima huku Mitundu,
Upendo