Uvunguni mwa Gati

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzifikishe kwa mama na kwa mkeo ambaye bado sijamwona. Natumaini mko wazima. Mgongo wa mama unaendeleaje? Mimi nipo. Mwili umechoka, ila nasimama.

Umeniuliza mara nyingi habari ya nafasi ya kazi huku, nami nimekuwa nikizungukazunguka. Leo nakueleza yote. Tafadhali soma mpaka mwisho ndipo unikasirikie.

Kazi yetu ni kukwangua rangi ya zamani kwenye matumbo ya mashua za watu wenye pesa. Msimamizi wetu tunamwita Kisigino, maana hutembea kama mtu anayekanyaga mende. Ana ugonjwa mmoja tu: kuvua samaki. Kila mapumziko ya mchana hushuka gatini na fimbo yake ya kuvulia. Nilipomwomba akuajiri alicheka, akasema siku nitakayorusha chambo kikafika nguzo ya mwisho uvunguni mwa gati, siku hiyo nikuite upande basi. Mpishi wetu wa pale kazini akadakia kwamba afadhali angeniagiza nimshike samaki masikio.

Si jambo rahisi, ndugu yangu. Jua likiwa kali samaki wakubwa hujificha kivulini chini ya gati, na kati ya mbao na maji pana shibiri mbili tu. Ukirusha kwa juu, chambo kinagonga mbao. Inabidi uinamishe fimbo hadi karibu na maji, urushe kwa ubavu, na chambo, ambacho ni cha mpira, kiguse maji kwa tumbo na kuruka, kama vigae tulivyokuwa tukirusha bwawani, wewe ukinishinda kila siku. Nilianza vibaya. Nilitumia nguvu kama anayetupa gunia, mshipi ukajisokota kwenye gurudumu la fimbo unapozungushiwa, kama nywele zisizochanwa mwezi mzima. Kisigino akaniambia mkono wangu umezoea kugombana na vitu. Akanifundisha kulegeza kidole gumba taratibu na kukiachia kifundo cha mkono kifanye kazi peke yake. Pale gatini alikuwa mvumilivu kuliko anavyokuwa kazini, nikajikuta nampenda kidogo.

Wiki iliyopita chambo kikaingia. Kiliruka, kikaruka tena, kikapita nguzo zote, kikazama gizani bila kelele. Hakuna samaki aliyekula, lakini Kisigino alinipa mkono mbele ya wote, akasema nimpe jina lako kwa sababu nafasi ipo.

Nafasi yenyewe ni ya mwenzangu wa chumbani. Amerudishwa kwao, hawezi kupanda ngazi bila kukaa katikati. Vumbi la ile rangi limemjaa kifuani. Kitanda chake ndicho ungelalia wewe. Na mimi nimeanza kukohoa kila asubuhi, nikitema mate yanatoka na rangi ya mashua ya jana. Hilo usimwambie mama.

Mdogo wangu, jina lako sikulitoa. Nilimwambia Kisigino umeshapata kazi huko nyumbani. Alinitazama kama mtu aliyechezewa, na tangu hapo haniiti tena gatini. Najuta kukutia matumaini muda wote huu, ukawaaga watu na kununua begi. Zaidi najuta kukuamulia kama mtoto, wewe mwenye mke na nyumba yako. Lakini ningekuuliza, ungekuja. Hata ningekueleza habari za kifua, ungesema chako ni kizima, kama nilivyosema mimi nilipokuja.

Nisalimie wote, na majirani wakiuliza waambie nipo. Wewe ukitaka kunitukana, nitukane, jaza karatasi pande zote mbili. Nitaisoma yote. Ila usiache kuniandikia.

Ni mimi,
Kaka yako