Feni Niliyoivua Kabla ya Harusi ya Zainaba

Fundi wangu,

Nilitamani nikuletee furaha tupu. Binti yako Zainaba ameolewa, ndoa kubwa kama ulivyotaka, na bwana harusi amekwenda Ntsoudjini nyumbani kwa mkewe kwa gari lako. Lakini alivyofika, Fundi, ndipo ninapoona haya kukueleza.

Lile gari lako dogo la mbio, la viti viwili, ulilouziwa na mkulima Mfaransa alipokuwa akihama Mutsamudu, nililivusha kwa meli hadi Moroni baada ya kukuzika. Nilitaka Zainaba alione likiwa hai tena. Pesa sikuwa nazo, ila ulinifundisha kwamba gari kuukuu linataka sikio kuliko pesa. Nilianza na breki, maana kofi ulilonipiga siku niliyosahau breki bado nalikumbuka. Nikasafisha kabureta kwa petroli na mswaki, nikasugua plagi, nikarekebisha moto kwa kusikiliza mlio, nikang'oa vyuma vyote vya uzito wa bure. Mwisho nikavua feni ya rejeta. Feni inakula nguvu ya injini, na gari likiwa mbioni upepo wenyewe unapoza maji. Nikapanda nalo hadi Mvouni, likapanda kama jipya. Nilicheka peke yangu.

Akili ni nywele, Fundi, na siku hiyo nilikuwa na upara. Gari la bwana harusi halikimbii. Linafuata ngoma na wazee, mwendo wa mtu mzima aliyevaa joho. Upepo ungetoka wapi? Tulipokaribia msikiti maji yakachemka, mvuke ukamfunika bwana harusi, injini ikazimika. Ngoma zikanyamaza.

Kabla vijana hawajavua majoho ili wasukume, jipu la mamluki, wale askari wa kukodiwa, likatokea nyuma yetu. Njia ilikuwa imezibwa, nao hawapendi kusubiri. Wakafunga kamba bila kuuliza, wakatuvuta huku wanacheka. Mkwe wako amefikishwa mlangoni kwa mkewe na watu ambao wewe ulikataa hata kuwafungulia boneti. Nilishika usukani, macho chini. Mama Zainaba alinitazama tu. Heri angenitukana.

Jana mmoja wao alikuja karakanani. Jipu linakohoa, anataka nilitengeneze, eti nisisahau ile kamba. Niliogopa, Fundi. Ulimi ulikuwa tayari kusema ndiyo. Kisha nikakukumbuka ulivyokuwa ukiwajibu, wewe uliyejua kila injini ya kisiwa chako, nikasema maneno yako: "Mimi siyajui magari yenu." Akasema atarudi.

Feni nimeirudisha. Gari sasa ni zito kidogo, ila linatulia. Asubuhi hii Zainaba amemtuma mtu kwangu: Ijumaa anataka nimpeleke mumewe msikitini, kwa gari lilelile, njia ileile, watu wakiwa wamejaa barazani. Sijui kama amenisamehe au ananipa adhabu. Nimekubali.

Nitakwenda polepole. Maji yakitulia, nitapanda meli nije Mutsamudu nikusomee Fatiha kaburini. Yakichemka tena, nitashuka nisukume mwenyewe mbele ya wote. Kamba yao haitagusa gari lako tena, nakuahidi.

Lala salama, Fundi. Mola akulaze pema.

Mwanafunzi wako,
Bakari