Kiti cha Mama Jukwaani

Igawa, Mbarali,
12 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Shigela,

Kosa la wengi wanaokuandikia ni kukuita Yatima, jina lako la jukwaani, wakidhani ndiye wewe. Mimi namwandikia Shigela, mtoto wa marehemu mdogo wangu. U mzima? Kile kifua kimepona? Joto la Dar es Salaam linakuacha ulale? Sisi huku tu wazima, mpunga tumeshavuna, na magoti yangu yanalalamika kama kawaida yake.

Tumeitazama filamu yako mpya kwa dada yako Prisca. Majirani walishangaa kukuona yatima tena, nikawaeleza kwamba mwongozaji wa filamu hatafuti sura tu, anachukua kile ambacho watu wamekwisha kukipenda jukwaani. Baba yako alipofariki ulitunga wimbo wa kweli. Watu walipolia, ukamwongeza na mama kati ya waliokufa, ukaanza kupiga magoti mbele ya kiti kitupu kilichofunikwa khanga. Basi filamu zako zote zimekuja na kiti kile kile, khanga ile ile, na mama anayekufa kabla hatujamzoea.

Wao walinielewa. Mimi ndiye ambaye sikujielewa. Yule mama alipokata roho nililia, na mama yako mzazi ameketi kando yangu anachambua mchele. Alinipa ncha ya khanga yake nijifute, akasema, "Pole, shemeji. Alikuwa mtu mzuri." Prisca alicheka mpaka akatoka nje. Mama yako hakucheka.

Juzi akanisimulia jambo. Wanawake wa Nyololo waliokuja kununua mchele walisikia kwamba wewe ni wa nyumba yake. Wakampa pole, wakamuuliza kama yeye ndiye mama mdogo aliyekulea baada ya msiba. Akaitikia ndiyo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Ningekataa, mwanangu angeonekana mwongo."

Tangu hapo sijui nimweleze nini. Nimefundisha miaka mingi kwamba mhusika si mwandishi, na ningeweza kumchorea hata ubaoni. Lakini uso wa Yatima ni wako, machozi ni yako, na khanga ile ya kitini aliifua yeye mwenyewe kabla hujaondoka nayo. Nilidhani wanaokosea ni wale wanaokuita Yatima. Sasa sina hakika.

Umemtumia nauli aje kwenye onyesho lako la Mbeya, Jumamosi ya wiki ijayo. Gauni amelipiga pasi, kisha amelirudisha sandukuni. Anauliza, "Nikifika, nikae wapi?" Najua watu wanalipa kiingilio kukiona kiti kile kikiwa kitupu, na sijui akionekana yu hai utaimba nini kesho yake. Najua pia kwamba akikaa nyuma kama mgeni, hatakwenda tena popote unapoimba.

Msalimie Mathew, mpiga gitaa wako. Prisca anakusalimu, anasema safari ijayo ucheze hata polisi. Mungu akutunzie sauti, na amtunze zaidi aliyekubembeleza kwa sauti yake kabla hujawa na yako.

Usihangaike kunijibu mimi. Leo hii mpigie mama yako simu, umwambie atakaa wapi.

Nikupendaye, kwa jina lolote utakalobaki nalo,
Baba yako mkubwa,
Abrahamu