Maneno Mekundu ya Kombo

Ndugu yangu Kombo,

Baada ya salamu, mimi mzima, nala, nanenepa. Hali yako sikuulizi. Hata ulipokuwa hai ulikuwa mvivu wa kujibu barua.

Nimelipiza, Kombo! Yule Mwalimu aliyekataa kukusalia, akasema mbele ya jeneza lako, "Huyu kamzulia Nabii Yusuf," nimemlipa. Wewe mzushi? Wewe uliyeandika utenzi mzima wa Yusuf kwa wino wa namna mbili? "Maneno meusi ya Mungu, mekundu yangu," ulikuwa ukiniambia, na kabla ya kushika kalamu ya wino mwekundu ulisema astaghfirullah. Nami nikikucheka.

Basi sikiliza. Niliunakili utenzi wako wote kwa wino mweusi, nikaufukiza moshi ukaonekana mkongwe, nikampelekea. "Shikamoo Mwalimu. Haji mmoja kaniachia hiki, asili yake Hijazi." Nimefika Tabora mara mbili, na kwa uongo sijaona wa kunipita.

Ijumaa baada ya alasiri akausoma msikitini. Akafika pale pako pa wino mwekundu, ndugu mmoja wa Yusuf anaporudi kisimani peke yake na kumdondoshea tende tatu. Yusuf anauliza, "Nani wewe?" Naye hajibu, analia tu. Mwalimu akalia! Msikiti mzima ukalia.

Nikasimama. "Mwalimu, tende hizo zimo katika sura gani?"

Akapekua kurasa, nami nikamwambia:

"Hazimo. Ni za Kombo, uliyemnyima sala."

Wallahi, kile kilemba kilimwelemea. Utamu wake, Kombo, asali haioni ndani.

Nikatoka nacheka. Mlangoni baba yako akanishika mkono. Hakucheka. "Mwanangu, kumbe yote yalikuwa meusi. Sasa mimi nitajuaje lipi la Mungu na lipi la Kombo?"

Mwalimu alikusingizia kuchanganya. Mchanganyaji hasa ni mimi.

Nakala ile ya moshi nimemnyang'anya Mwalimu nikaichoma. Uliouandika kwa mkono wako ninao sandukuni. Nimenunua wino mwekundu kwa Banyani, nami naunakili upya, neno kwa neno, rangi kwa rangi. Nikimaliza, baba yako ataupata kwanza. Kisha Mwalimu atausoma tena mbele ya watu, na kwa kila neno jekundu atasema, "Hili la Kombo." Asipotaka, nitakuja kila Ijumaa kumuuliza habari za tende. Kumsamehe, simsamehe.

Pumzika, ndugu yangu. Leo nimefika kisimani. Nimeshika kalamu ya mwekundu, na kabla ya kuichovya nimesema astaghfirullah.

Usinicheke.