Kitunguu cha Nyongeza

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kesi ya wizi wa dukani huisha siku hakimu anapofunga faili.

Leo ni Jumapili. Manyunyu hayajakatika tangu asubuhi, na hapa mtaani Dallas, mjini Embu, huwezi kuona paa la jirani kwa ukungu. Sikwenda kanisani. Nimepika githeri, mahindi na maharagwe, ya watu wawili, kwa mazoea, halafu nikakaa nikiitazama sufuria.

Dada yangu Kagendo alihamia kwangu Embu baada ya mke wangu kufariki. Alisema mwalimu mstaafu akiachwa peke yake huanza kufundisha kuku. Alikuja na kiondo chake na redio yake, na Kimeru kikarudi nyumbani mwangu baada ya miaka mingi. Sasa redio iko, ila hakuna wa kubishana nami kuhusu habari zake.

Nieleze lililotokea, maana linaelezwa vibaya.

Kule Ruiri, kwetu Meru, ambako Kagendo ameuza na kununua maisha yake yote, ukishalipia fungu la vitunguu, unanyosha mkono na kujichukulia kimoja cha nyongeza. Muuzaji ananung'unika, wewe unacheka, mnaagana. Mteja asiyechukua nyongeza huulizwa kama amekasirika.

Basi siku ile supamaketi alilipia vitunguu vyake vizuri. Akielekea mlangoni akapita karibu na kreti, akachukua kimoja mbele ya watu wote, akakitia kwenye kiondo. Mlinzi akamshika mkono. Najua walichosemezana kwa sababu mtu alitoa simu na kurekodi.

"Shosho, rudisha hicho!"

"Kijana, hata salamu? Hii ni nyongeza yangu. Kwani mwenye duka hajui kuuza?"

"Nyongeza utapewa na polisi."

Kicheko unachokisikia hapo ni cha watu waliokuwa kwenye foleni.

Alilala kituoni. Dada yangu, mwenye magoti yanayouma kwenye baridi, alilala kwenye sakafu ya saruji.

Vijana mnaosoma hapa, sikilizeni. Sheria haijali udogo wa kitu. Kitunguu kimoja kinaweza kukupeleka mahakamani. Kinachoulizwa ni nia: je, ulichukua ukijua huna haki ya kuchukua? Kagendo aliposomewa shtaka alijibu, "Ni kweli nilichukua, lakini ilikuwa nyongeza." Hakimu, Mungu ambariki, alilisikia neno lakini, akaandika kwamba amekana. Angeishia kwenye "ni kweli," angetiwa hatiani pale pale. Wengi hukiri ili warudi nyumbani haraka, na miaka ikipita, wakiomba cheti cha tabia njema ili waajiriwe, lile jibu fupi linawangoja.

Meneja wa duka alinisikiliza, akaomba kesi iondolewe. Hilo pia lieleweke: mwenye duka huomba tu. Upande wa mashtaka ulikubali, mahakama ikaridhia, na Kagendo akatoka akiwa huru.

Hakukaa kwangu hata wiki. "Mugambi," aliniambia akifunga kiondo, "hapa kila mlinzi ananiangalia mikono. Nakwenda Ruiri. Kule wananijua."

Video ilikuwa imetangulia.

Jana nilimpigia simu. Nikamuuliza kama wanawake wa kanisa wamekuja kumsalimu, kama desturi yao ilivyo mtu akirudi kutoka mbali.

"Hawajafika. Na kanisani wananiachia benchi nzima, kama askofu." Akacheka, lakini hakumaliza kicheko. "Unajua kinachoniuma, Mugambi? Kule sokoni hawanipi nyongeza tena. Nikilipa tu, yule mama anafunga mfuko haraka na kuvifunika vilivyobaki. Kabla sijanyosha mkono."

Nilimwomba arudi. Alisema hapana, mzee hawezi kukimbia huku na huku kama kuku aliyenyeshewa.

Mahakama ilimwachilia. Sisi bado tumemshika.

Leo asubuhi, wakati wengine wako ibadani, mtu aliituma tena video ile kwenye kikundi cha walimu wastaafu, na vikaragosi vya kucheka. Watu niliofundisha nao. Niliitazama mpaka mwisho, Kagendo anapoangalia huku na huku akinitafuta mimi, niliyekuwa nje nikimsubiri. Nikaandika: "Huyo ni dada yangu."



Githeri imepoa. Sina uwezo wa kupita nyumba kwa nyumba Ruiri nikieleza maana ya nia, na hata ningeweza, watu huamini zaidi kile walichocheka. Lakini wewe unayesoma, huenda nawe ulitumiwa video hiyo: mama mzee, kitambaa cha kijani kichwani, kitunguu mkononi.

Kama iko kwenye simu yako, ifute leo.