Gari Ambalo Halikufika Kakuma

Kumbukumbu ya Samson Ewoi, fundi wa pancha, Lodwar

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Amuria, tangu umpigie Baudouin simu yako ya mwisho. Watoto wameniambia mimi mkeo niandike kwa upole. Nitajaribu, lakini wewe unanijua.

Tunakukumbuka ukiwa umeketi juu ya tairi kuukuu kando ya barabara ya Kakuma, mikono myeusi, kofia umeishusha hadi machoni kwa sababu ya vumbi. Baiskeli za wanafunzi ulizibandika bure. Mama mzee akipita na mzigo, ulimpisha kivulini ukasimama wewe juani. Hata waliokukosea uliwahi kuwasalimu, "Ejok!" Hayo ni kweli tupu, na mtaa mzima utashuhudia.

Lakini magari! Mungu wangu, magari. Si haya ya kila siku, haya hukuyageuzia hata shingo. Wewe ulitaka la zamani, lile ambalo wenzake walishauzwa vyuma chakavu. Mimi nikikuita mara tatu uje ule, husikii. Landrova kuukuu ikikohoa huko mbali, umeshasimama. Siku uliyonipeleka Kalokol kununua samaki, nikavaa nguo yangu ya kanisani, tulikuta lori la Bedford la zamani likipakia. Ulilizunguka mpaka jua likageuka. Samaki nilinunua peke yangu, na nilirudi nimenuna. Nililionea wivu, jamani. Lori!

Na bado lori lilikuwa nafuu kuliko Baudouin. Kwa wasiomjua, Baudouin ni kinyozi, Mkongomani, na kiti chake kiko kando ya barabara kule Kakuma. Siku moja alikuja Lodwar kwa shughuli zake, gari fulani la ajabu likapita, mkageuka pamoja kuliangalia, basi mkawa ndugu. Mkatunga sheria yenu: gari halihesabiwi mpaka liwe limeonwa na watu wawili. Likipita kwako, unaliandika kwenye daftari, unaweka E ya Ewoi, kisha unampigia. "Baudouin! Iko moja inakuja! Toka nje!" Naye anamwacha mteja kichwa kimenyolewa nusu, anasimama barabarani mpaka lifike. Akiliona anakupigia, unaweka B, mnacheka mpaka mnakohoa. Mimi ulicheka nami hivyo lini? Chakula kinapoa, nami nimesimama tu na sahani mkononi.

Alhamisi ile nilikuletea ugali mchana, na kama kawaida ulikuwa kwenye simu. Pijo 404 lilikuwa limeondoka hapo sasa hivi, umelitia upepo. Lilikuwa la mzee mmoja wa Kitale, akienda kumwona dada yake Lokichoggio, mbele ya Kakuma. "Pijo, ndugu yangu," ulikuwa unamwambia Baudouin, "na gia iko kwa usukani!" Ukakata simu. Ukashika kifua.

Nilikimbia katikati ya barabara nikipunga leso. Yule mzee aliniona kwenye kioo, akageuza. Tulikulaza kiti cha nyuma, kichwa chako mapajani mwangu, tukarudi mjini hospitalini. Njiani ulikipapasa kile kiti chekundu ukasema, "Nasike, umeliona?" Miaka kumi na tisa ya ndoa, na ndiyo mara ya kwanza uliniuliza mimi. Nikakwambia nimeliona. Nilikudanganya, mume wangu. Nilikuwa nakutazama wewe.

Daktari alipotoka kutuambia, nilienda uani nikalizunguka lile gari mara mbili. Rangi ya maziwa. Taa za mbele za mviringo. Pembe mbili zilizochongoka kule nyuma, na ufa mdogo kwenye kioo cha upande wa abiria. Niliangalia kila kitu kwa ajili yako. Kesho yake yule mzee alirudi Kitale, hakuwa tena na moyo wa safari.

Baudouin hakuyajua hayo. Alikuja kukuzika, akalia kuliko ndugu zako, na hilo nalo liliniuma. Baada ya hapo akaanza kuniuliza. "Shemeji, ile motokari ilipitiaka wapi? Nilingojaka mpaka giza ikaingia." Nikamjibu sijui. Akapiga tena baada ya Pasaka, nikamjibu sijui. Acha akose! Yeye alipata simu zako zote na kicheko chako chote, hata maneno yako ya mwisho ukiwa mzima. Mimi nilipata kiti cha nyuma na swali moja. Sikuwa tayari kumgawia.

Mwezi uliopita Pascaline, mke wake, alimwambia Amuria wetu kwamba Baudouin ameanza kudhani hakukuwa na gari lolote. Kwamba labda ugonjwa ulikuwa umeshakupanda kichwani, ukaona lisilokuwepo. Aka! Hapo nilichemka. Wewe, Ewoi, uote gari mchana? Nilimpigia mwenyewe. Nikamwambia lilikuwepo, Pijo 404, na halikufika kwake kwa sababu lilirudi kunibeba mimi na mume wangu. Akasema polepole, "Kumbe aliipandaka." Nikasikia kwenye sauti yake kwamba anakuonea wivu. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Akaniomba nimwekee B. Nikamwambia sheria ni yenu wenyewe, na yeye hakuliona. Nimefungua daftari lako, ukurasa wa mwisho. Kando ya E yako nimeandika N.

Wanaokukumbuka ni mke wako Nasike. Watoto wako Amuria, Ekiru na Nakaale. Dada yako Bilha wa Kalemng'orok. Pia Baudouin na Pascaline wa Kakuma, ambao nimewaweka mwisho makusudi.

Hatutakusahau kamwe, Baba Amuria. Daftari liko kwangu, na haliazimwi.