Si tope tu, shemeji

Mwenzangu, nimefura kwa hasira!

Unakijua kile kiwanja changu cha kurushia pikipiki nyuma ya nyumba? Miezi minne ya jembe na toroli, kila tuta nimelishindilia kwa miguu yangu mwenyewe! Na sharti langu ni moja tu: mvua ikinyesha, haingii mtu mpaka udongo ukauke.

Yule mdogo wake mume wangu kaingia jana na wenzake watatu. Kwenye tope!!

Leo jua limewaka, mifereji ya matairi imekauka ngumu kama saruji. Tuta kubwa limekatika katikati. Nikamuuliza. Unajua kanijibu nini?

"Si tope tu, shemeji?"

Eti si tope tu! Na wenzake wakacheka.

Nikachukua spana, nikaenda bandani, nikafungua gurudumu la mbele la pikipiki yake. Liko chini ya kitanda changu. Kwenye pikipiki, pale lilipokuwa, nimemwegemezea jembe la kutengenezea tuta.

Sasa hivi ananigongea mlango. "Shemeji, gurudumu langu liko wapi?" Na wenzake wamesimama nyuma yake, helmeti kichwani.

Nikamjibu dirishani, taratibu kabisa:

"Si gurudumu tu, shemeji?"